Marehemu wa Dirisha la Sita

Jumatatu, 3 Machi

Ujumbe umeingia saa moja asubuhi. Kampuni yangu ya simu, ile ya rangi ya zambarau, imeungana na ile ya kahawia. Wanasema wameungana kwa ajili yangu. Sikuwaomba. Mwishoni wakaandika: mteja mpendwa, huhitaji kufanya chochote.

Sikufanya chochote. Saa mbili mtandao ukakatika. Nimeizima simu, nikaiwasha. Nimetoa laini, nikaipangusa kwa shati, nikairudisha. Nimepanda juu ya friji ya mteja nikainua mkono hadi darini. Wapi.

Niandike kwa utulivu kwa nini jambo hili ni zito. Mimi ni fundi friji, na karakana yangu iko ubavuni mwa nyumba yetu. Namba yangu ya simu ninayo mwaka wa kumi na tisa sasa. Imeandikwa kwa rangi mlangoni, na iko mgongoni mwa kila friji niliyowahi kuitia gesi katika mji huu. Friji ikigoma kugandisha, watu huivuta kutoka ukutani, wakasoma, wakanipigia. Wasiponipata watamwendea Fundi Redio, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye tangu mwaka jana anatangaza kwamba friji naye "huziangalia".

La pili ni zito zaidi. Binti yangu, kifungua mimba wetu, anaishi mji mwingine, safari ya saa sita kwa basi, na mimba yake imeingia mwezi wa tisa. Ameniahidi kwamba uchungu ukianza atanipigia mimi kwanza. Kabla ya mama yake. Ahadi hiyo nimeibembeleza miezi mitatu. Mama yake hajui.

Mke wangu anatumia laini ya kahawia. Nimeicheka miaka yote. Leo inashika hadi bafuni. Ameongea na dada yake chumba baada ya chumba, bila haraka, akinitazama. Kisha akasema nichukue simu yake nimpigie binti, nimweleze kuwa yangu imekufa. Nimekataa. Nikimweleza, atampigia mama yake, na kazi yangu ya miezi mitatu imekwenda na maji.

Nimesema sina haraka.

Jumanne, 4 Machi

Kituo cha huduma kwa wateja. Nimefika kabla hakijafunguliwa, nikakuta foleni imeshakata kona ya jengo hadi mbele ya duka la viatu. Nikapewa kikaratasi: 214. Ndani walikuwa kwenye 9.

Foleni ziko mbili. Waliokuwa kahawia wanakaa ndani, kwenye viti. Sisi tuliokuwa zambarau tunasimama nje, juani. Mlinzi anamuuliza kila anayefika mlangoni, zamani ulikuwa wapi? Kwa sauti ya kumuuliza mtu aliyetoka jela.

Nikapata wazo. Nikavua kofia, nikakunja mikono ya shati, nikarudi kwa mlinzi kwa upande mwingine, nikamwambia mimi ni kahawia tangu ujana wangu. Akanipisha. Nimekaa kwenye kiti laini dakika kumi na nne. Kiyoyozi kizuri, ila chujio lake halijasafishwa siku nyingi. Dada wa dirisha la pili akaniita, akaomba namba. Nilipotaja tarakimu tatu za kwanza akainua macho. Kumbe namba za zambarau zinajulikana kwa mwanzo tu, kama kabila.

Nimetolewa nje kwa heshima. Nafasi yangu ilishachukuliwa. Kikaratasi kipya: 290. Walipofunga walikuwa wamefika 97.

Mke wangu hushona sare za shule. Nimemkuta akitia vifungo. Akauliza nimefikia wapi. Nimemjibu kwamba mambo yanakwenda.

Jumatano, 5 Machi

Fundi Redio ameniletea simu yake nipige huduma kwa wateja. Sikumwomba. Ana tabia hiyo ya kuleta kitu kabla hujakiomba, inaniudhi sana.

Kwanza ikaja mashine. Ikataka nieleze tatizo kwa maneno machache. Nikasema simu yangu haina mtandao. Ikanishukuru kwa kuchagua simu mpya. Nikasema sitaki simu mpya. Ikanishukuru kwa kuchagua simu mbili. Fundi Redio akanishauri nitamke polepole. Nikatamka polepole, ikaniweka kwenye muziki. Dakika thelathini na nane, wimbo mmoja. Ulipozunguka mara ya nane Fundi Redio alikuwa ameshaujua na anaimba huku akichomea waya.

Hatimaye mtu. Kijana mwenye adabu. Akasikiliza yote, akasema anaelewa, ila lazima kwanza ahakikishe kwamba mimi ndiye mwenye namba, kwa hiyo atatuma tarakimu za siri kwenye namba hiyo nami nimsomee. Nikamwambia namba hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Akasema anaelewa. Tarakimu ameshatuma. Ananisubiri.

Tulisubiriana kidogo, mimi na yeye. Kisha chaji ya Fundi Redio ikaisha.

Mchana nimebuni njia ya kuwashika wateja. Nimebandika karatasi mlangoni: SIMU IMEHARIBIKA, PIGA HODI. Mama mmoja akafika, akasoma, akasema kwa sauti kwamba fundi aliyeshindwa na simu yake mwenyewe hatampa friji yake. Akaenda kwa Fundi Redio. Nimechungulia. Nimemwona jirani yangu akimsikiliza mama yule kwa makini na kuandika kwenye kipande cha boksi. Anaandika wateja wangu! Mchana kweupe.

Karatasi nimeibandua.

Ijumaa, 7 Machi

Leo akili yangu imefanya kazi. Naandika nikiwa nimetulia kabisa.

Nimerudi kituoni, kikaratasi 188. Nikiwa nachungulia ndani kupitia kioo nikaona dirisha la sita, kule mwisho. Hakuna foleni. Kiti kina mto. Juu ya meza kuna boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Kibao kimeandikwa: HUDUMA KWA WAFIWA.

Nikamwambia mlinzi nimefiwa. Hakuuliza zamani nilikuwa wapi. Alinifungulia mlango kwa mikono miwili.

Dada wa dirisha la sita ni binti mdogo tu, sauti ya upole. Akauliza marehemu ni nani. Nikataja jina langu. Akauliza uhusiano wetu. Nikasema mimi ni mdogo wake. Sina mdogo wa kiume, nina dada watatu, lakini hilo halimo kwenye kompyuta yao. Akaitazama picha yangu kwenye kompyuta, akanitazama mimi, akasema tunafanana sana. Nikamwambia kila mtu husema hivyo.

Akauliza alifarikije. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikasema, friji. Akaweka kalamu chini. Ikabidi nieleze kwamba alikuwa anaishusha ngazini, peke yake, na alikuwa mtu wa kukataa kusaidiwa. Kisha maneno yakaanza kutoka yenyewe. Kwamba alikuwa fundi mwaminifu. Kwamba hakumtilia mtu gesi nusu hata siku moja. Kwamba alikuwa anangoja mjukuu wake wa kwanza kwa hamu ambayo hakumwonyesha mtu, na amekwenda wiki chache tu kabla ya kumshika mkononi. Sikuigiza. Nilimsikitikia mtu yule.

Dada naye akachukua karatasi moja, akanisogezea boksi. Tulilia pamoja kidogo. Nikajaza fomu. Cheti cha kifo nitaleta ndani ya siku saba. Laini itapumzishwa, kisha mrithi atapewa. Nikasema mrithi ni mimi. Akasema watafuata alivyoandika marehemu mwenyewe. Sikumbuki niliandika nini, ni miaka mingi.

Mpango wa pili wa siku. Binti asije akampigia mama yake katika siku hizi chache za kungoja. Nimeichukua simu ya mke wangu, nimemwambia inapata moto, naipeleka karakana niikague. Nimeizima, iko kwenye droo ya spana. Binti akinikosa mimi, na akimkosa mama yake, atangoja. Akingoja, laini yangu itakuwa imerudi. Sioni penye kasoro.

Jumamosi, 8 Machi

Alfajiri niliondoka kwenda kwa muuza nyama, jokofu lake kubwa limekufa. Mke wangu naye alitoka mapema kupeleka sare. Saa sita nimerudi, nikakaa karakana nikinywa chai. Nikasikia kilio kinakuja na njia. Nikatoka niangalie nani kafiwa.

Ni mke wangu. Ameshikiliwa na dada yake, shemeji yangu, wote wawili macho yamevimba. Waliponiona wakasimama katikati ya njia. Shemeji akakaa chini palepale, kwenye vumbi, na sketi yake ya kanisani.

Ndipo nikajua. Miaka ile nilipoisajili laini upya, kwenye nafasi ya ndugu wa karibu niliandika jina na namba ya binti yangu. Si mke wangu, binti. Kwa hiyo leo alfajiri kampuni imemtumia ujumbe: tunakupa pole kwa kuondokewa na mteja wetu mpendwa. Akapiga simu yangu, haipatikani. Akapiga ya mama yake, haipatikani. Akapiga tena na tena. Akampigia mama yake mdogo. Shemeji akaja mbio, akakuta nyumba imefungwa. Akamtafuta mke wangu hadi akampata, wakaenda kunitafuta hospitali. Wakaniulizia mochwari. Nikakosekana. Wakazidi kulia.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, simu yake iko wapi. Nikafungua droo. Ilipowaka ikalia mfululizo, binti yetu amepiga mara ishirini na mbili. Mke wangu akampigia. Haipatikani, chaji imekwisha. Wa mwisho kuongea naye ni shemeji, na alimwambia yuko stendi na mume wake, wanapanda basi.

Mwezi wa tisa. Saa sita barabarani. Kwa ajili yangu.

Nilikaa mlangoni tangu hapo. Sikugusa kazi. Fundi Redio aliniletea kigoda, na kwa mara ya kwanza sikuudhika. Mke wangu alikaa upande wa pili wa mlango. Tulikuwa tunasikiliza kila gari.

Saa tisa na robo teksi ikasimama. Mkwe wangu akashuka kwanza, akaniona, akarudi nyuma hatua mbili. Binti akashuka taratibu, mkono mmoja kiunoni. Uso umechakaa kwa machozi. Akanijia, akanishika mashavu kwa viganja vyake kama anayepima homa ya mtoto.

"Njia nzima nimekulilia, Baba," akasema. "Nilikuwa nakumbuka mema yako tu."

Nilikuwa nimeshika bisibisi, sijui niliichukulia nini. Akanipiga kifuani kwa ngumi, si kwa nguvu, akaniegemea akalia upya. Kisha akanyamaza ghafla. Akashika fremu ya mlango.

"Mama," akasema. "Maji."

Nilikimbia ndani nikaleta glasi ya maji. Nilipotoka, mama yake alikuwa ameshampakia kwenye teksi ileile.

Jumapili, 9 Machi

Mtoto wa kiume. Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kilo tatu na gramu mia mbili. Mama yake mzima.

Tulingoja kwenye benchi la koridoni, mimi, mke wangu na mkwe. Mkwe alikuwa amemsimulia kila mtu pale hospitali, nadhani kwa uchovu. Mke wangu hakuniongelesha tangu jana, ila alinifunika mabega kwa kitenge chake nilipoanza kutetemeka. Nimemwambia habari ya ile ahadi ya miezi mitatu. Akasema alikuwa anajua. Binti alimwambia siku ileile.

Kisha nesi akafungua mlango, akatutazama mmoja mmoja.

"Marehemu ni nani hapa?" akauliza. "Binti anamtaka kwanza."

Nikasimama.

Ana vidole virefu. Vidole vya fundi.

Jumatatu, 10 Machi

Kituoni na mke wangu. Ameshika mkono wangu kama anayempeleka mtoto kuomba radhi, na ndivyo ilivyokuwa.

Dada wa dirisha la sita akaniamkia vizuri, akaniuliza familia inaendeleaje. Mke wangu akaniminya. Nikamwambia ukweli. Kwamba mimi ndiye. Kwamba mdogo hayupo, na friji haikumwangukia mtu.

Nilingoja aite mlinzi.

"Mimi nililia, mzee," akasema. "Nikafika nyumbani nikampigia baba yangu, maana tulikuwa hatuongei."

Nikamuuliza kama sasa wanaongea. Akasema ndiyo, kidogo. Sikujua niombe radhi au nipokee shukrani. Nimeomba radhi.

Tatizo likabaki la kompyuta. Ina kitufe cha kumtoa mteja kwenye hai kumpeleka kwenye marehemu. Cha kumrudisha hakuna. Aliitwa msimamizi, akaitwa msimamizi wa msimamizi, mmoja zambarau na mwingine kahawia, wakabishana kuhusu mfumo wa nani ndio uliobaki. Mfumo wa kahawia ulijua kufungua laini lakini haukunijua mimi. Wa zambarau ulinijua, lakini ulizimwa jana usiku.

Mke wangu ndiye aliyeuliza kama mrithi anaweza kuipokea. Anaweza. Mrithi ni binti yetu. Hahitaji ila saini, na cheti wataniwia radhi kwa hali yangu.

Binti ametia saini kitandani, mtoto akiwa kifuani. Kuanzia leo namba yangu ni ya binti yangu. Mimi ni mtumiaji.

Jumatano, 12 Machi

Mtandao umerudi saa nne kasoro. Nilikuwa nimelala chini ya friji. Simu ikalia juu ya benchi la kazi. Nimegonga kichwa kwenye kompresa.

Alikuwa binti. Wamerudi kutoka hospitali jana, watakaa kwetu wiki sita. Alikuwa chumbani, hatua ishirini kutoka nilipo, nilimsikia mara mbili, ukutani na sikioni.

"Baba, nilikuahidi," akasema. "Uchungu umeanza Jumamosi saa tisa na robo. Nimejifungua mtoto wa kiume. Wewe ndiye wa kwanza kupigiwa."

Nimekaa sakafuni kidogo baada ya hapo.

Mchana Fundi Redio akaingia na kile kipande cha boksi. Majina kumi na moja, mtaa, aina ya friji, kila mmoja na ugonjwa wake. Hii haigandishi, hii inavuja, hii inanguruma. Wote walinikosa kwenye simu wakamwendea yeye, naye akawaambia wangoje, fundi wao ana matatizo ya laini, atawatafuta. Hakugusa hata moja.

Nilitaka kumwambia jambo zuri. Nimemwambia mwandiko wake ni mbaya. Akacheka, akaketi, tukanywa chai. Nadhani alielewa.

Alhamisi, 20 Machi

Laini inapokea. Haipigi. Wateja wananipata, mimi siwapati. Nikijaribu kupiga, mashine inasema mwenye namba hii athibitishe kwanza kwamba yeye ni mwanamke wa miaka ishirini na saba.

Mke wangu anasema tumpeleke binti kituoni akipata nguvu, tukae foleni kama watu wengine, yaishe. Nimekubali. Nimeapa mbele yake, mbele ya mkwe na mbele ya Fundi Redio kwamba ujanja nimeacha. Nilikuwa nasema kweli kabisa.

Jana nilipita pale kituoni, kupita tu. Foleni ilikuwa imefika benki. Ila wamefungua dirisha jipya, la saba, karibu kabisa na mlango. Halina mtu. Kibao kinasema: WENYE WATOTO WACHANGA.

Hakikusema mtoto wa nani.

Mjukuu wangu ana siku kumi na moja, shingo bado ni ya kushikiliwa, lakini mikono ninayo miwili. Amenyonya, ameshiba, amelala. Mama yake naye amelala. Mke wangu yuko kwenye sare hadi saa saba, na mkwe karudi kazini kwao. Nimekunja nepi nne, nimeziweka kwenye mfuko wa vifaa, upande usio na gesi. Mezani nimeacha karatasi kwamba tumetoka kidogo kuota jua.

Tutarudi kabla hajaamka mtu. Sioni penye kasoro.